Kanisa la Kaisaria, Mlango wa Baharini

Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, ulioadhimishwa mwaka 2025 kwa kutimiza miaka 1700, uliipa Yerusalemu heshima ya pekee, lakini ukaagiza kwamba hadhi ya mji mkuu wa jimbo isiguswe. Mji huo ni Kaisaria, na hadhi yake ilitoka bandarini.

Kusini mwa Mlima Karmeli vyombo havikuwa na pa kujificha dhoruba. Kati ya mwaka 22 na 10 KK hivi, Herode Mkuu alijenga bandari baharini. Mafundi wake walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Italia, zege likaganda ndani ya maji. Baadaye Warumi waliufanya mji huo makao ya liwali.

Katika mji huo wa watawala, Injili iliingia nyumbani kwa askari. Petro alitoka Yafa, na Kornelio, akida wa Kirumi, akabatizwa pamoja na jamaa yake bila kudaiwa tohara kwanza. Ndugu wa Yerusalemu walimhoji Petro, naye akajitetea. Kwangu mimi, safari za Paulo kwa mataifa zilifunguliwa njia katika nyumba hiyo.

Paulo aliijua Kaisaria vizuri. Alipitishwa hapo akikimbizwa Tarso, akashuka hapo akitoka Efeso. Lakini ziara inayonigusa zaidi ni ya mwisho wa safari ya tatu, alipofikia kwa Filipo mwinjilisti, baba wa mabinti wanne waliotabiri. Filipo alikuwa mmoja wa wale Saba waliochaguliwa kuhudumu mezani katika kanisa la Yerusalemu, mwenzake Stefano. Wakati Stefano akipigwa mawe, Sauli, ndiye Paulo huyu, alilinda nguo za wauaji, kisha akalitesa kanisa mpaka waumini, Filipo miongoni mwao, wakatawanyika. Sasa mtesi yule ni mgeni wake, tena kwa siku nyingi. Nabii Agabo alipojifunga mshipi wa Paulo kutabiri kukamatwa kwake, waliokuwa pale walimlilia asipande Yerusalemu.

Alikwenda, akarudishwa mfungwa. Miaka miwili alizuiliwa na liwali Feliki, kisha mbele ya mrithi wake, Festo, akakata rufani kwa Kaisari, akapandishwa merikebu ya Adramitio kuanza safari ya Rumi.

Katika karne ya 3, Origenes alihamia Kaisaria kutoka Aleksandria na kufundisha. Pamfilo alikusanya maktaba kubwa, akauawa kwa imani yake mwaka 310. Mwanafunzi wake Eusebio, askofu wa mji, aliitumia kuandika Historia ya Kanisa, na Kaisari Konstantino akamwagiza nakala 50 za Maandiko kwa makanisa ya Konstantinopoli. Mwaka 451 Yerusalemu ilifanywa makao ya patriarka, na Kaisaria ikawekwa chini yake.