Mashine na Kitako Chake

Wahenga walisema kwamba mdharau mwiba mguu huota tende. Mambo makubwa hupata waandishi wengi, na mambo madogo hukosa hata mmoja. Lakini aghalabu ni dogo lililolibeba kubwa, na dogo likianguka kubwa halisimami. Katika insha hii nakusudia kusema juu ya kitu ambacho mtu aweza kukisukuma kwa ncha ya kiatu: kigari chenye magurudumu manne ambacho juu yake husimamishwa sanduku la kompyuta, lile ambalo watu wa maofisini huliita sipiyu. Nitaeleza jinsi kinavyochaguliwa na kuunganishwa. Lakini kwanza naomba ruhusa ya msomaji nirudi nyuma, kwa kuwa kigari hiki ni ndoa ya gurudumu na mashine, na vyote viwili vilifika katika nchi iliyo chini ya Mlima Meru kwa njia ndefu yenye mafunzo.

Gurudumu ni la kale sana. Umri wake wapata miaka 5,500. Hata hivyo katika bara letu mzigo ulikwenda kwa karne nyingi kichwani, begani na mgongoni mwa punda. Wageni wengi walilitazama jambo hili kana kwamba lilitokana na ujinga wa wenyeji. Hoja hiyo haisimami. Gari halitembei kwa gurudumu peke yake. Lahitaji njia chini yake na mnyama mbele yake. Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society walijaribu kusafiri kutoka Saadani kwenda bara kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Magari yalikuwa mazuri na magurudumu yalikuwa imara, lakini njia ilipita katika nchi ya mbung'o, na ng'ombe wakafa. Mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi. Kilichoshindwa hapo si gurudumu, bali ni yale yaliyopasa kulibeba na kulivuta.

Katika nyanda za juu za Meru mambo yalikuwa mengine. Baada ya vita vya Waingereza na Makaburu, vilivyopiganwa Afrika ya Kusini tangu 1899 hata 1902, baadhi ya familia za Makaburu ziliingia katika koloni la Wajerumani, na kuanzia miaka ya 1904 na 1905 zilikaa karibu na Mlima Meru. Zilikuja na magari yao ya ng'ombe. Hewa ya baridi na malisho mema yaliwafaa wanyama, kwa hiyo magari yakatembea. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini haikufika Arusha mpaka 1929. Katika miaka hiyo ya kungoja, mzigo wa Arusha ulitegemea hali ya njia, na njia ilitegemea udongo. Udongo wa nchi hii umezaliwa na majivu ya volkeno. Kiangazi huwa vumbi jepesi lipandalo hewani kwa hatua ya mtoto, na masika huwa matope. Naomba msomaji alikumbuke vumbi hili, maana tutakutana nalo tena chini ya meza.

Sasa natazama upande wa mashine. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania iliwekwa mwaka 1965 katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Januari 1967, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Miongoni mwa mafundisho makuu ya Azimio hilo ni kwamba fedha ni matunda ya maendeleo wala si msingi wake. Msingi ni watu na juhudi yao, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Azimio halikuandikwa kwa ajili ya kompyuta, lakini yaliyozipata kompyuta yalikuwa kama mfano wake. Hesabu za Serikali zilipohamishiwa katika mashine, wataalamu wa nchini walikuwa wachache mno, na kazi ya kuipa mashine maagizo yake ilitegemea wageni. Hesabu zilivurugika na hasara ikawa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Masharti yalilegezwa baadaye hatua kwa hatua, na katika miaka ya 1990 mashine hizo zilienea. Hata mwaka 2003 nchi ikapata sera yake ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano.

Watu wengine huilaumu marufuku ile kuwa ilitukawiza, na wengine huitetea kuwa ilituokoa. Mimi naona kwamba pande zote mbili huitazama mashine na kusahau kilichokuwa chini yake. Mwaka 1965 tulinunua mashine kabla ya kuwa na kitako chake: fundi wa kuitengeneza, mwalimu wa kuifundisha, na karani wa kuisahihisha. Yalikuwa ni magari ya Saadani mara ya pili. Magurudumu yalikuwa imara, na ng'ombe wakafa njiani.

Arusha yenyewe imepata kuona mfano wa kinyume chake. Mwaka 1995 mji huu ulichaguliwa kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mnamo Novemba 1994. Ilifanya kazi yake katika majengo ya Kituo cha Mikutano cha Kimataifa. Watu 93 walishtakiwa, na mashahidi zaidi ya 3,000 walisikilizwa, mpaka ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015. Ushahidi wa watu wale ulitiwa katika karatasi, katika kanda na katika kumbukumbu za mashine. Lakini haikudhaniwa kwamba kuuandika kwatosha. Huko Lakilaki, nje ya mji, lilijengwa jengo la taasisi iliyorithi kazi za Mahakama hiyo, na ndani yake nyumba maalumu ya kuhifadhi nyaraka. Likafunguliwa Novemba 2016. Nyumba ile ni kitako. Ilijengwa kwa sababu kulikuwa na watu walioelewa kwamba neno la shahidi lina uhai wa kadiri ya uhai wa kitu kinacholibeba.

Si kila ofisi iwezayo kujenga nyumba ya nyaraka. Lakini kila ofisi yaweza kuinua sanduku lake kutoka sakafuni. Hapo ndipo kigari kinapoingia.

Kompyuta ndogo ya IBM iliyotolewa Agosti 1981 ililala juu ya meza, na kioo chake kikaketi juu ya mgongo wake. Mwaka 1987 kampuni hiyohiyo ilitoa mashine za PS/2, na baadhi yake, kama zile za namba 60 na 80, ziliumbwa zisimame wima sakafuni. Umbo la kusimama likaenea duniani. Meza ilipata nafasi, lakini sanduku lilishuka mahali ambapo vumbi hukaa, fagio hupita, maji ya kupigia deki hutiririka na miguu hugonga. Feni zilizomo ndani yake huvuta hewa bila kuchagua, na pamoja na hewa huvuta vumbi. Vumbi huziba matundu na kuvaa vyuma vya kupozea kama blanketi, na joto likikosa pa kutokea mashine huchoka kabla ya wakati wake. Isitoshe, Arusha ipo yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari; hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo zaidi. Kwa hiyo sanduku la Arusha lina haja kubwa ya kupumua vizuri.

Niliyaelewa haya kwa kuona. Katika ofisi moja ndogo kwenye miteremko ya Meru, ambamo zilitunzwa hesabu za wakulima wa kahawa, sanduku la kompyuta lilikuwa limewekwa sakafuni kando ya mlango. Usiku mmoja wa masika maji yalipita chini ya mlango. Asubuhi mashine haikuwaka, na hesabu za msimu mzima zilikuwa ndani yake. Wakulima waliitwa walete stakabadhi zao. Wengine walikuwa nazo, zimekunjwa ndani ya Biblia au zimefungwa katika pindo la kanga. Wengine hawakuwa nazo. Mama mmoja mzee alisimama mbele ya karani akasema, "Mwanangu, mimi nilileta kahawa, na wewe uliandika. Sasa waniuliza mimi karatasi?" Karani hakuwa na jibu. Sikupata kuona kwa uwazi zaidi jinsi haki ya mtu iwezavyo kulala sentimita chache juu ya sakafu.

Baada ya hayo nilikwenda na karani yule kwa fundi wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Unga Limited. Nilidhani atauliza aina ya mashine. Yeye aliuliza, "Mwalimu, kitasimama juu ya sakafu gani?" Nikamwambia ni saruji iliyopasuka. Akasema, "Basi usinunue vigurudumu vidogo vya plastiki. Vitaingia katika nyufa, na sanduku litalala kifudifudi." Fundi huyu hakuwa amesoma habari za Saadani, lakini aliijua hoja yake yote: gurudumu huchaguliwa kwa njia.

Kanuni za kuchagua ni chache. Kwanza ni kupima. Sanduku la kawaida lina upana wa sentimita 18 hadi 22 na urefu wa sentimita 40 au zaidi kwenda nyuma, na uzito wake mara nyingi ni kilo 8 hadi 12. Lakini lipimwe lile lililopo, si lile la kawaida. Pili ni kutazama pumzi yake. Masanduku mengi ya sasa huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, na mengine huvuta pia kwa chini. Kwa hiyo kigari kinachofaa kina uwazi katikati, si ubao mzima unaoziba. Tatu ni utulivu. Sanduku ni refu na jembamba, na mguu wake sharti uwe mpana. Magurudumu yakae nje ya ubavu wa sanduku, wala yasijifiche chini yake. Nne, magurudumu mawili yawe na breki, kwani kitu kinachotembea bila kutumwa ni hatari kuliko kisichotembea.

Kuunganisha nako kuna adabu yake. Vipande vyote hutandikwa sakafuni na kuhesabiwa kabla ya bisibisi kuguswa. Skrubu zote hutiwa kwanza kwa vidole, zikalegea, ili fremu ipate kujinyosha yenyewe. Ukikaza moja kabla ya nyingine, tundu la mwisho halitakutana na mwenzake. Kisha magurudumu hutiwa, kigari husimamishwa mahali palipo sawa na kujaribiwa kama chatikisika, na hapo ndipo skrubu hukazwa kwa kuvuka, pembe hii na ile inayoitazama. Mwisho mashine huzimwa, waya wa umeme huchomolewa, na sanduku huinuliwa na watu wawili. Waya zote ziachiwe ulegevu wa kutosha, ili siku kigari kitakaposogezwa kwa ajili ya fagio zisikatike wala kuchomoka. Na hata baada ya kuwekwa juu ya magurudumu, sanduku halisukumwi likiwa linafanya kazi, maana diski ya kuzunguka iliyomo ndani yake huumizwa na mtikiso.

Kigari cha fundi yule kilitengenezwa kwa vyuma vya pembe na magurudumu ya mpira. Mpira wenyewe ulitoka ng'ambo. Nilitafakari hilo njiani, kwa sababu Arusha ulikuwa mji wa matairi. Kiwanda cha General Tyre kilianza uzalishaji hapa mwaka 1971, na kufikia mwaka 2009 kilikuwa kimesimama. Hata hivyo ujuzi haujakauka. Katika mji huuhuu imo CAMARTEC, taasisi ya zana za kilimo na teknolojia vijijini iliyoanzishwa mwaka 1981, na imo TEMDO, ya usanifu wa mitambo, iliyoanzishwa mwaka 1980. Na katika vibanda vya pembezoni wamo mafundi wasiohesabiwa. Nchi yenye watu wa namna hii haina haja ya kuiogopa mashine yoyote, mradi iulize swali la fundi kabla ya kununua: itasimama juu ya nini?

Kigari kile bado kipo katika ofisi ile, na sanduku jipya li juu yake. Kando yake, juu ya rafu, karani ameweka daftari lenye jalada gumu, na kila jioni hunakili humo kwa kalamu jumla ya kahawa iliyopokewa siku hiyo. Nilimwuliza kama hilo si kurudi nyuma. Akajibu kwamba kigari hulinda mashine dhidi ya maji, na daftari humlinda mama mzee dhidi ya mashine. Nikaona kwamba amejifunza katika masika moja somo ambalo hazina ya taifa ililipia kwa miaka 9, nami sikuwa na la kumwongezea.