Kolembola: Wakazi Wadogo wa Udongo na Harufu ya Mvua

Kolembola ni viumbe wadogo mno wenye miguu sita, wanaoishi udongoni, chini ya majani makavu na ndani ya magogo yanayooza. Wengi wao hawazidi urefu wa milimita 6, na baadhi hawafikii hata milimita 1. Spishi zipatazo 9,000 zimekwishatambuliwa, kuanzia misitu ya kitropiki hadi Antaktika. Zamani walihesabiwa kuwa wadudu. Siku hizi wataalamu wengi huwaweka katika kundi lao wenyewe, kwa kuwa sehemu za kinywa chao zimefichika ndani ya kichwa. Mabaki yao yaliyogeuka mawe, yaliyopatikana Rhynie, Scotland, yana umri wa takriban miaka milioni 400.

Wengi wana mkia wenye ncha mbili, uliokunjwa chini ya tumbo na kushikiliwa na ndoana ndogo. Adui akikaribia, ndoana huachia, mkia hupiga ardhi, na mnyama hufyatuka hewani. Wale wanaoishi ndani zaidi ya udongo, pasipo nafasi ya kuruka, mara nyingi mkia wao ni mfupi au haupo kabisa, na wengi hawana macho. Kwa kuwa takriban wote huvuta hewa kupitia ngozi, kolembola hawawezi kustahimili ukavu kwa muda mrefu.

Katika mita moja ya mraba ya udongo wenye rutuba huweza kupatikana makumi ya maelfu ya viumbe hawa. Hula kuvu, bakteria na mimea inayooza, na kwa kufanya hivyo husaidia kurudisha naitrojeni na fosforasi ambazo mizizi huzihitaji.

Hata harufu ya ardhi iliyonyeshewa inawahusu. Sehemu kubwa ya harufu hiyo hutokana na jeosmini, kemikali inayotengenezwa hasa na bakteria wa jenasi Streptomyces. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kolembola huifuata harufu hiyo, huwala bakteria hao, kisha hueneza spora zao kwa miili na vinyesi vyao. Mlaji hupata chakula. Anayeliwa hupata msafirishaji wa kizazi chake.

Uhusiano huo huharibika upesi pale ambapo mabaki ya mazao huchomwa moto, ardhi ikaachwa wazi juani, au sumu za kuulia wadudu zikatumiwa kupita kiasi. Ndiyo sababu spishi iitwayo Folsomia candida hutumiwa kimataifa kupima uchafuzi wa udongo: idadi ya watoto wake ikipungua, udongo una kasoro. Kinyume chake, matandazo ya nyasi, kama yale yanayowekwa katika mashamba ya kahawa ya Burundi na Rwanda, huhifadhi unyevu na kuwapa kolembola kivuli na chakula. Mkulima anayefunika shamba lake huwatunza pia vibarua asiowaona, wasiodai ujira.