Bahati na Nasibu katika Nchi ya Buha

Neno bahati asili yake ni Kiajemi. Nasibu ni Kiarabu, maana yake fungu la mtu. Yalipounganishwa kuwa jina la mchezo wa tikiti, ambao Tanzania iliutungia sheria ya Taifa mwaka 1974, yalibeba mambo mawili: bahati humjia mtu alipo, bali nasibu sharti aifuate.

Waha wa Kasulu na Kibondo walikwisha kulijua jambo hili. Zamani za ukoloni wengi walikwenda mashamba ya mkonge huko Tanga, wakaitwa manamba, kwa kuwa walitambulikana kwa namba. Kila mmoja alishika kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Mshahara ulingoja kijae. Hivyo karatasi kugeuka fedha halikuwa jambo geni kwao.

Kipande kilidai jasho; tikiti ilidai kutunzwa. Ikiliwa na mchwa, mshindi hakuwa na ushahidi. Tena, kutoka Kibondo hata Dar es Salaam, yalikokuwa makao ya mchezo, ni zaidi ya kilomita 1,000. Basi anayeandika historia yake asihesabu walioshinda tu. Awahesabu na waliofika kupokea.