Nani Atauitikia Wimbo? Kiladino, Lubumbashi na Siku za Guma mu Rugo

Usiku wa Machi 21, 2020 Rwanda ilifungwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa ametangazwa wiki moja tu kabla, Machi 14, na sasa agizo lilikuwa fupi, la maneno matatu ya Kinyarwanda ambayo hata watoto waliyakariri: Guma mu Rugo, yaani kaa nyumbani. Sisi tunaoishi Kagarama, wilayani Kicukiro, tulizoea kusikia Jumamosi ngoma za posa na harusi zikitoka mtaa wa pili, na Jumapili kwaya kutoka kila upande wa kilima. Vyote vilinyamaza kwa mara moja.

Makala haya hayahusu kimya hicho chote. Yanahusu sehemu moja ya wimbo ambayo karantini iliikata, nayo ni kiitikio. Kinyarwanda kina vitenzi viwili vya kazi hii: gutera, kuanzisha wimbo, na kwikiriza, kuupokea. Mtu anaweza kuanzisha wimbo akiwa peke yake jikoni, lakini kuupokea kunahitaji mwingine. Mpiga inanga hujitosheleza kwa kiasi fulani, maana kinanda chake na sauti yake huzungumza wao kwa wao. Sophie Nzayisenga, aliyerithi ufundi huo kwa baba yake Thomas Kirusu, hahitaji kundi ili asikike. Nyimbo nyingine nyingi za huku kwetu haziko hivyo. Asiyepata wa kumwitikia huimba nusu.

Katika majuma yale nilikutana, kwa njia ya simu, na watu wengine waliokuwa na tatizo hilo hilo, nao ni waimbaji wa Kiladino. Msomaji anaweza kuuliza Kiladino kinaingiaje katika jarida la idara ya Kiswahili. Kinaingia kwa njia ya Lubumbashi.

Kwa ufupi, historia ni hii. Mnamo Machi 31, 1492 Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella walitia saini amri ya kuwafukuza Wayahudi kutoka Hispania. Wengi walikimbilia milki ya Wauthmani, wakakaa Salonika, Istanbul, Izmir, Sarajevo, na baadaye katika kisiwa cha Rhodes. Walibeba Kihispania cha karne ya 15, wakakitia maneno ya Kiebrania, Kituruki na Kigiriki, wakakiandika kwa herufi za Kiebrania. Wenyewe waliita lugha hiyo Djudezmo, miongoni mwa majina mengine. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kusoma habari hii asione sura anayoifahamu: lugha iliyokomaa katika biashara na mchanganyiko wa watu, iliyoandikwa kwa hati moja kwa karne nyingi, kisha ikahamia herufi za Kilatini.

Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Rhodes walianza kuondoka kisiwani kutafuta riziki. Wengi wao walifika Elisabethville, mji uliozaliwa mwaka 1910 pembeni mwa migodi ya shaba, ambao leo ni Lubumbashi. Walifungua maduka. Dukani walizungumza Kiswahili cha Katanga, na ofisini Kifaransa. Nyumbani, mama alipotandika meza, lugha ilikuwa Kiladino. Sinagogi yao ilifunguliwa mwaka 1930, na kuanzia 1937 kiongozi wao wa dini alikuwa Rabi Moïse Levy. Wengine walisogea hadi Usumbura, yaani Bujumbura. Hivyo kwa miongo kadhaa nyimbo za Kihispania cha kale ziliimbwa katika nyumba ambazo nje ya madirisha yake watu walikuwa wakisalimiana kwa Kiswahili.

Kuhama huko kulikuja kuwa na uzito ambao hakuna kijana yeyote wa Rhodes aliyeutarajia. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani walikusanya Wayahudi waliobaki kisiwani, zaidi ya 1,600, wakawasafirisha hadi Auschwitz. Waliorudi ni takriban 150. Basi hifadhi ya nyimbo za Rhodes ikawa katika vinywa vya wale waliokuwa wameondoka mapema, na Katanga ilikuwa mojawapo ya hifadhi hizo. Baada ya uhuru wa Kongo mwaka 1960, na hasa baada ya maduka ya wageni kutaifishwa kuanzia 1973, wengi wa jamii hiyo walitawanyika tena, Brussels, Cape Town na kwingineko.

Nyimbo zenyewe, kantikas, zilikuwa kwa sehemu kubwa mali ya wanawake. Ziliimbwa arusini, penye kitanda cha mzazi, na wakati wa kazi za nyumbani, mara nyingi kwa kufuatisha tari liitwalo pandero. Nona, yaani bibi, alitoa mstari, na mabinti na wajukuu wakaupokea. Kwa hiyo mtu angeweza kudhani kuwa kufungiwa nyumbani kusingeidhuru muziki huu, kwa kuwa nyumbani ndiko ulikozaliwa. Sivyo. Nyumba ile ya zamani ilikuwa na vizazi vitatu chini ya paa moja. Leo wasemaji wengi wa Kiladino ni wazee, UNESCO imekiweka katika kundi la lugha zilizo katika hatari kubwa, na mjukuu huenda yuko bara jingine. Ugonjwa ule ule uliowahatarisha wazee kuliko wengine ulikuwa umewashika walio na nyimbo.

Ndipo mikutano ya video ikaanza. Mwaka 2020 wasemaji wa Kiladino walianzisha vikao vya kila Jumapili vilivyoitwa Enkontros de Alhad, ambamo watu kutoka Uturuki, Israeli, Marekani na kwingineko walizungumza na kusikiliza nyimbo kwa lugha yao. Naomba ruhusa ya kuchepuka hapa kidogo. Neno alhad lina maana ya Jumapili. Wahispania wengine husema domingo, siku ya Bwana, neno ambalo Wayahudi hawakulipenda kwa sababu ya asili yake ya Kikristo, wakachagua la Kiarabu, al-ahad, siku ya kwanza. Ni neno la ukoo mmoja na Alhamisi yetu, na hiyo ahad ndiyo inayosikika hadi leo katika hedashara. Wanafunzi wangu walipolisikia hili darasani walicheka, kisha wakaanza kutafuta mengine.

Turudi kwenye kiitikio. Yeyote aliyejaribu kuimba pamoja na wenzake kwa Zoom anajua aibu iliyofuata. Wanamuziki huanza kupoteana sauti inapochelewa zaidi ya takriban milisekunde 30, na katika mikutano ya video ucheleweshaji huweza kupita 100 kwa urahisi. Mwanzishaji anamaliza mstari, waitikiaji wanamsikia akiwa bado katikati, na majibu yao yanamfikia akiwa ameshaanza mstari mwingine. Suluhisho lililotumika karibu kila mahali lilikuwa la huzuni kidogo: mmoja aimbe na wengine wote wazime vipaza sauti. Unaona midomo ikicheza katika vijidirisha, wote wanaitikia, na hakuna anayesikika. Njia ya pili ilikuwa kila mtu arekodi sehemu yake peke yake, kisha fundi aziunganishe. Matokeo yake huwa safi sana. Mimi binafsi naona yana usafi wa kitu ambacho hakikupata kubishaniwa.

Mnamo Januari 19, 2021 Kigali ilifungwa tena. Tarehe 29 ya mwezi huo alifariki Marekani Flory Jagoda, mzaliwa wa Bosnia, aliyefundishwa nyimbo za Kiladino na nona yake katika mji mdogo wa Vlasenica. Mwaka 1941 alitoroka Zagreb kwa treni akiwa msichana, akipiga kodiani njia nzima ili asishukiwe. Jamaa zake wengi walioachwa nyuma waliuawa. Maisha yake yote yaliyobaki aliwafundisha wengine nyimbo zile, ana kwa ana, mstari kwa mstari.

Nilipokuwa nikisoma habari zake nilikuwa nikifikiria Aprili iliyotangulia. Kila mwaka tarehe 11 Aprili watu hukusanyika Nyanza ya Kicukiro, jirani na hapa Kagarama, kuwakumbuka wakimbizi waliouawa mwaka 1994 baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuondoka katika shule ya ETO. Kunaimbwa. Mwaka 2020 umati haukukusanyika. Maombolezo yalifanyika majumbani, kwa redio na televisheni. Wimbo ulitoka redioni, na katika nyumba ya jirani yangu mama mmoja aliuitikia kwa sauti, peke yake. Ukuta ulikuwa mwembamba. Ubeti wa pili, mke wangu alimwitikia kutoka upande wetu.