Uji wa Mzee Nani Aliupika?

Pitia magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Dar es Salaam, hutakosa tangazo la aina hii: anatafutwa dada wa kukaa na mama mtu mzima, awe mvumilivu, alale hapo hapo. Zamani nilizoea kuona ya dada wa kulea mtoto. Sasa ya wazee yanazidi kuongezeka, na chini yake watu hulalamika: utu umekwisha, zamani mzee alitunzwa na watu wake, hakuna kulipana.

Mimi naona malalamiko hayo yanasahau nusu ya historia.

Mwaka 1962, katika andiko lake kuhusu Ujamaa, Mwalimu Nyerere aliwatetea wazee wa jamii za jadi. Mzee unayemwona amekaa tu anastarehe, alieleza, alishafanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Hata mali aliyoonekana kuwa nayo haikuwa yake binafsi, alikuwa nayo kama mkubwa wa ukoo. Hoja nzuri, na mpaka leo ndiyo tunayoitumia tukisema Mwafrika hamtupi mzee wake. Lakini ebu tuipeleke jikoni. Uji wa huyo mzee nani aliupika? Maji ya kuoga nani aliyateka na kuyapasha moto? Akishikwa na homa usiku, nani alikesha naye?

Miaka mitano baadaye Azimio la Arusha lilitoa jibu, japo halikuwa linazungumzia wazee. Lilisema wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Ukiyasoma maandiko hayo mawili pamoja unapata picha kamili: mzee alipumzika kwa sababu kuna mtu hakupumzika. Mkwe, binti, mke mdogo, mjukuu wa kike aliyeachishwa shule akae na bibi. Ndivyo "watu wake" walivyokuwa.

Mjini kazi ya nyumbani ilikuwa na bei tangu zamani. Katika Dar es Salaam ya wakoloni wapishi, madobi na maboi walikuwa wanaume, na waliijua thamani yao. Mwaka 1939 walianzisha chama chao, na Desemba 1956 watumishi wa majumbani na mahotelini waligoma. Kwa hiyo kumlipa mtu akuhudumie ndani ya nyumba si jambo jipya hata kidogo. Ila waliohudumiwa wengi walikuwa Wazungu na Wahindi. Kwetu wenyewe kazi ile ile iliitwa msaada.

Serikali nayo ilishika kipande kidogo tu. Makazi ya wazee kama ya Welezo na Sebleni kule Zanzibar yalichukua wasio na wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtaja mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi, ikasema familia itabaki kuwa ndiyo msingi wa matunzo yake. Sawa, lakini familia ipi? Sensa ya 2012 ilihesabu wazee zaidi ya milioni 2.5, asilimia 5.6 ya Watanzania wote. Mkwe aliyetegemewa sasa yuko kwenye daladala saa kumi na moja alfajiri, na mjukuu yuko shule, kama inavyotakiwa.

Pengo hilo anaingia dada wa kazi. Binti aliyemtunza bibi yangu baada ya kiharusi alikuja mjini akijua kufua na kupika. Ndani ya wiki chache alikuwa anamgeuza kila baada ya muda asipate vidonda, anampa dawa za presha kwa saa, na anajua kwa kumtazama tu usoni kama leo amekunywa maji ya kutosha. Hakuna chuo kilichomfundisha. Daktari alipouliza maswali, sisi sote tulimtazama yeye.

Sheria inamwonaje mtu huyu? Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kima cha chini cha sh. 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Anayefagia uwanja na anayemgeuza mgonjwa usiku waliwekwa kapu moja. Upande wa mzee mwenyewe, Zanzibar ilipiga hatua kubwa Aprili 2016 ilipoanzisha Pensheni Jamii kwa waliofika miaka 70. Lakini kiasi cha kuanzia kilikuwa sh. 20,000 kwa mwezi, ambazo hazitoshi kumlipa mtu wa kukaa naye.

Ndiyo maana sioni aibu kwenye matangazo yale. Kinachonisumbua ni yale yasiyosema: analipwa ngapi, anapumzika siku gani, nani atamfundisha kumnyanyua mtu asiyejiweza bila kujivunja mgongo. Kazi hii inahitaji jina lake, mafunzo yake na mshahara wake, tofauti na ule wa kufua.

Na anayesema zamani wazee walitunzwa bure, amuulize mama yake ilikuwa bure kwa nani.