Vizuia kutu: ngao ya chuma ndani ya asidi

KATIKA nchi kame kama Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, kisima kirefu kikikwama watu na mifugo hutaabika. Miongoni mwa mambo yanayokwamisha visima ni magamba ya chokaa yanayoganda ndani ya mabomba. Asidi ya haidrokloriki huyayeyusha, ila haichagui: chuma nacho huliwa. Chuma hupoteza elektroni, ioni za haidrojeni huzipokea, kisha hutoka kama mapovu ya gesi.

Ndiyo sababu asidi hiyo huchanganywa na vizuia kutu vya kikaboni. Molekuli zake zina atomi za naitrojeni, salfa au oksijeni, ambazo hushirikisha chuma jozi zake za elektroni na kunata juu yake. Utando huo ni mwembamba mno kuliko rangi yoyote, na magamba huendelea kuyeyuka. Joto likizidi, molekuli nyingi hubanduka.

Kizuia cha zamani ni heksamini, itengenezwayo kwa amonia na formaldehaidi. Ndani ya asidi huvunjika taratibu na kurudisha formaldehaidi, ambayo ni sumu. Kwa kisima cha maji ya kunywa, basi, fundi hana budi kutumia dawa iliyoidhinishwa kwa maji hayo, na kuyapampu nje maji yote ya usafishaji kabla ya mtungi wa kwanza kujazwa.