Little League

Little League ni shirika la besiboli ya watoto lililoanzishwa mwaka 1939 na Carl Stotz mjini Williamsport, Pennsylvania, Marekani, kwa timu 3 tu. Kila ligi ya mtaa huongozwa na bodi ya watu wa kujitolea, wengi wao wazazi wa wachezaji. Hao hao ndio makocha, waamuzi, wafyeka nyasi na wauza vitafunio. Bila jasho lao hakuna mechi. Nchini Marekani rekodi zao za uhalifu huchunguzwa kila mwaka kabla ya kukabidhiwa watoto, hatua ya lazima kabisa. Wasichana waliruhusiwa mwaka 1974, baada ya kesi mahakamani. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zake za dunia.